Barua ya wazi kwa viongozi wa Maine: rudisheni nafuu ya kodi, na safari hii ifike kwenye nyumba inayovuja

Kwa Seneta Susan Collins, Seneta Angus King, Mheshimiwa Chellie Pingree, Mheshimiwa Jared Golden, Gavana Janet Mills, na wabunge wa jimbo letu walioko Augusta, makao makuu ya jimbo.

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu barua hii ina wasomaji wa aina mbili. Wa kwanza ni ninyi, na binti yangu ataitia kwenye Kiingereza kabla haijafika ofisini kwenu. Wa pili ni majirani zangu wa Lewiston, Auburn na Portland, waliotoka Uvira, Fizi, Bujumbura na Kigoma. Wengi wao wamewahi kununua mafuta ya kupashia nyumba joto kwa hela ya chakula. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza, kwa lugha inayowaingia, kwamba kulikuwa na sheria ya kupunguza mzigo huo, na kwamba sheria hiyo imekwisha.

Kazi yangu ni kuziba nyumba. Nilianza mwaka 2019. Tunafunga feni kubwa mlangoni, tunaiwasha ivute hewa ya ndani kwenda nje, halafu tunazunguka chumba kwa chumba na kimoshi mkononi kutafuta baridi inapenyea wapi. Tukishajua, tunapanda darini kuziba mianya kwa povu. Kisha tunatoboa matundu ukutani, tunaingiza mpira, na mashine iliyo ndani ya lori inapuliza selulosi, yaani magazeti yaliyosagwa na kutiwa dawa ya kuzuia moto, mpaka uwazi wa ukuta ujae na kukaza. Kazini tunaiita insulesheni kama wenyeji wanavyoiita. Moyoni mimi naiita kukandika. Nilikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kasulu, Tanzania, na kila mwaka kabla mvua hazijashika mama alikuwa akiikandika upya nyumba yetu, mimi nikimkanyagia udongo. Nilipopata kazi hii nilimpigia simu kumweleza. Akaniuliza kama na wazungu nyumba zao zina nyufa.

Zina, tena nyingi. Nyumba za katikati ya Lewiston zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Quebec, nyumba za mbao za ghorofa tatu hadi nne, nyingi zikiwa na zaidi ya miaka 100 sasa. Ukitoboa ukuta wake, mara nyingi ndani hukuti kitu. Kuna mbao za nje, uwazi, na lipu ya ndani, basi. Na kwenye zile za zamani kabisa uwazi huo unaanzia besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, unapanda moja kwa moja hadi darini kama bomba la jiko. Mafuta yanachomwa chini, hewa inapata moto, inapanda ndani ya ukuta na kutokea juu. Familia iliyoko katikati inaona baridi, na bili wanalipa wao. Hakuna jimbo lingine la Marekani linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba joto kama Maine. Mwaka 2022 galoni moja ilivuka dola 5, na nawajua watu waliolala na makoti majira hayo.

Nataka niwaonyeshe nyumba moja.

Ni ya bibi mjane anayekaa mtaa wa pili kutoka kwangu. Wazazi wake walikuwa wafumaji kiwandani. Tunaongea Kifaransa, chake cha Quebec na changu cha Uvira, na tunaelewana vizuri. Katikati ya Desemba aliniomba nimpitie baada ya kazi nimwangalizie nyumba. Feni sikuwa nayo, nilikuwa na kijiti cha udi mfukoni. Nikakiwasha jikoni. Moshi haukupanda hata nusu mita; ulilala upande kama umesukumwa na mkono, ukaelekea ukuta wa kaskazini. Dirisha limefungwa, na pazia linapumua. Nikaweka kiganja mbele ya tundu la umeme, nikahisi upepo ule ule ulioko barabarani. Chini ya milango kuna mataulo yaliyoviringishwa. Kitanda chake alikuwa amekihamishia jikoni, vyumba vingine amevifunga kwa blanketi.

Tukashuka besimenti. Tangi ni lile la kawaida la galoni 275, na kipimo chake kilikuwa kimelala chini kabisa. Pembeni yake kulikuwa na vidumu viwili vya njano. Mtu ambaye hajaishi Maine hawezi kujua vidumu vile ni vya nini, kwa hiyo nieleze: kampuni nyingi za mafuta hazikuletei chini ya galoni 100, au zikileta zinakuongezea gharama. Asiye na hela ya galoni 100 anakwenda sheli na kidumu, ananunua galoni 5 za dizeli ya gari, anarudi kuimimina kwenye tangi la nyumba. Boila, yaani mashine inayochoma mafuta kupasha nyumba joto, inaikubali. Zinamtosha siku moja au mbili, kutegemea baridi. Yeye ana miaka 81, na ngazi za besimenti yake hazina pa kushika.

Akaniuliza, ile nafuu ya kodi ya kuziba nyumba, ningeweza kuipata? Alikuwa ameisikia redioni kwamba inaisha mwisho wa mwezi. Nilimwambia hapana, bibi. Na si kwa sababu zimebaki wiki mbili. Usingeipata hata mwaka 2023.

Kwa ajili ya hao wasomaji wangu wa pili, nieleze nafuu yenyewe ilivyokuwa.

Ilikuwa kwenye kifungu cha 25C cha sheria ya kodi. Sheria aliyoitia saini Rais Joe Biden Agosti 16, 2022 iliipanua sana kuanzia mwaka 2023: ukiziba nyumba unayoishi, ukabadilisha milango au madirisha, serikali kuu ilikupunguzia kodi yako ya mapato kwa asilimia 30 ya gharama ya vifaa (ujira wa fundi haukuhesabiwa), mpaka dola 1,200 kwa mwaka. Ndani ya hizo, madirisha hayakuruhusiwa kuvuka dola 600, na ukaguzi wa nishati dola 150. Pampu ya joto, yaani mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ilikuwa na fungu lake, hadi dola 2,000. Kwa hiyo mtu aliyejipanga vizuri aliweza kufikia dola 3,200 kwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akaanza upya na kazi nyingine. Sheria ilisema mpango huo utadumu mpaka mwisho wa 2032.

Hapa kuna jambo la lugha ambalo limetugharimu. Kiingereza kinaiita nafuu hii kwa neno lile lile, credit, wanalolitumia kwa mkopo. Wenzetu wengi walipoambiwa na kazini au na jirani, walisikia mkopo wa serikali, wakakaa mbali. Mzee mmoja msikitini aliniuliza kwa uzito kabisa kama ndani yake kuna riba. Nilikaa naye saa nzima. Si mkopo, mzee, nilimwambia, ni kodi uliyokuwa uilipe ambayo serikali inakuachia kwa sababu umeziba nyumba yako. Alinielewa. Nyumba yake tuliimaliza Oktoba 2024, na nafuu akaipata. Ni wangapi hawakupata mtu wa kukaa nao saa nzima, Mungu ndiye anajua.

Mimi mwenyewe niliitumia mwaka 2023. Nyumba yangu ilijengwa mwaka 1910, niliinunua 2021. Baada ya punguzo la Efficiency Maine, shirika la jimbo la kusaidia watu kupunguza matumizi ya nishati, nilibakiwa na dola 3,900 za kulipia vifaa vya dari na kuta. Asilimia 30 yake ni dola 1,170, na zote zilikatwa kwenye kodi yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nachoma galoni kama 900 kwa majira ya baridi. Majira yaliyofuata nilichoma 560. Wanangu waliacha kufanyia kazi za shule kitandani chini ya blanketi. Nasema haya ili mjue kwamba siandiki kama mtu aliyenyimwa. Mimi nilipata, na najua thamani ya nilichopata.

Nafuu hii wala si ya chama kimoja. Rais Jimmy Carter alitia saini ya kwanza ya aina hii mwaka 1978. Hii ya 25C ilizaliwa katika sheria ya nishati ya 2005, iliyotiwa saini na Rais George W. Bush, na wakati huo ilikuwa asilimia 10 tu, na mtu hakuweza kuvuka dola 500 maisha yake yote. Ikapandishwa mwaka 2009, ikashushwa, ikafa mara kadhaa na kufufuliwa. Kwa takwimu ambazo Wizara ya Fedha ilizitoa Agosti 2024, familia milioni 2.3 hivi ziliidai kwa mwaka wa kodi 2023, jumla yake dola bilioni 2.1. Karibu familia 700,000 kati ya hizo walikuwa wameziba kuta na dari, kazi yangu hii.

Kisha Julai 4, 2025 Rais Donald Trump akatia saini sheria mpya, na miaka saba iliyobaki ikakatwa. Kazi yoyote ambayo haikuwa imekamilika kufikia Desemba 31, 2025 haina nafuu. Nasisitiza neno kukamilika. Kulipa hakukutosha. Mteja wetu mmoja alisaini mkataba Oktoba, akatoa malipo ya awali, mashine ikachelewa kufika mpaka Januari. Amekosa. Wiki ya mwisho ya Desemba tulifanya kazi usiku, na nyumba ya mwisho tulitoka saa mbili usiku wa mkesha wa mwaka mpya, mikono imekufa ganzi. Januari kampuni ninayofanyia kazi ilitupunguza kutoka watu 9 hadi 5. Wawili kati ya walioondoka ni Wakongo wenzangu niliowafundisha kazi mimi mwenyewe. Inachukua karibu mwaka mzima mtu kujua, kwa sauti ya mpira tu, kama ukuta umejaa au kuna ubao umekwama katikati. Ujuzi huo sasa uko kwenye ghala la mizigo.

Ninyi wanne mlioko Washington mliipigia sheria ile kura ya hapana, wote, wa Republican, wa Democrat na wa kujitegemea. Nimefuatilia, na nawashukuru. Seneti iligawanyika 50 kwa 50, mpaka Makamu wa Rais akaja kuamua. Kwa hiyo sikuja kuwalaumu kwa kura. Nimekuja kwa sababu nasikia watu wakisema tuirudishe kama ilivyokuwa. Mimi nasema isirudi kama ilivyokuwa. Irudi, naiombea irudi, lakini kama ilivyokuwa ilimpita yule bibi mlangoni na kwenda kubisha nyumba ya mbele yake.

Angalieni ilivyofanya kazi. Ilikuwa inapunguza kodi unayodaiwa, na haikuweza kushuka chini ya sifuri. Unayedaiwa dola 400 ulipata 400, zilizobaki zilipotea, hata kuzisogeza mwaka unaofuata hukuruhusiwa. Usiyedaiwa kitu ulipata sufuri. Bibi anaishi kwa pensheni ya serikali peke yake, kwa hiyo kodi ya mapato hadaiwi. Mke na mume waliopata chini ya dola 29,200 mwaka 2024 nao hawakudaiwa. Hao ndio ninaowakuta na vidumu vya njano. Kwa miaka mitatu nimepuliza selulosi kwenye nyumba nyingi ambazo tayari zilikuwa na hali nzuri, za watu wema wenye mishahara mizuri, waliotaka zipendeze zaidi. Sina kinyongo nao. Lakini nikitoka pale nilikuwa napita na lori mbele ya nyumba ambayo theluji ya paa lake imeyeyuka yote siku ya pili, na sisi watu wa kazi hii tunajua maana yake: joto lote linatokea juu. Zile nyumba hazikutuita.

Wale waliotaka nafuu ifutwe walikuwa na hoja, na nitaitendea haki. Walisema watu wengi wangefanya ukarabati huo hata bila nafuu, kwa hiyo serikali inatoa hela bure. Kwa nyumba kadhaa nilizoingia mimi, hoja hiyo ni ya kweli. Wizara ilisema karibu nusu ya waliodai walikuwa na kipato chini ya dola 100,000, maana yake zaidi kidogo ya nusu walikuwa juu ya hapo. Lakini dawa ya hoja hiyo si kumnyima kila mtu. Mwenye kidumu asingeziba nyumba bila msaada, hilo halina ubishi, kwa hiyo dola inayomfikia yeye ndiyo dola ambayo hakika imefanya kazi.

Basi ninachoomba cha kwanza ni hiki: nafuu ikirudi, alipwe hata asiyedaiwa kodi. Na asingoje kulipwa mwaka unaofuata, kwa sababu mtu anayenunua dizeli kwa galoni 5 hawezi kumkopesha fundi dola 4,000 mpaka Aprili. Ikatwe palepale kwenye ankara. Msiniambie haiwezekani. Kuanzia Januari 1, 2024 mpaka Septemba 30, 2025, mnunuzi wa gari la umeme alimkabidhi muuzaji nafuu yake, akakatiwa bei siku hiyo hiyo, na hakuna aliyemdai baadaye eti kodi yake haikufika kiwango hicho. Serikali ilijenga mtambo huo, wauzaji wa magari wakajifunza kuutumia. Kama liliwezekana kwa gari, liwezekane kwa ukuta.

La pili ni wapangaji, na hapa niruhusuni niseme kwa kirefu, kwa sababu nimekuwa mmoja wao kwa miaka sita.

Kiswahili kinatumia neno moja, kodi, kwa unachoipa serikali na kwa unachompa mwenye nyumba. Mpangaji wa Lewiston analipa kodi zote mbili, na nafuu hakupata kwenye yoyote. Sheria ilitaka uwe unaishi kwenye nyumba unayoiziba. Mwenye nyumba anayeishi mji mwingine hakuruhusiwa kudai nafuu hii kwa jengo alilopangisha. Mpangaji aliruhusiwa kudai kwa baadhi ya mashine, kama pampu ya joto, lakini mpangaji gani atamnunulia mwenye nyumba pampu? Tulipofika mwaka 2015 tulipanga ghorofa ya tatu, na bili ya joto ilikuwa juu yetu. Barafu ilikuwa inaganda upande wa ndani wa kioo. Mwanangu mdogo aliandikia jina lake kwa kucha. Kila Novemba tulibandika nailoni kwenye madirisha na kuikaza kwa mashine ya kukaushia nywele. Nilipomwomba mwenye nyumba afanye lolote, alinijibu ukweli wake: nikiziba mimi, mnaookoa hela ni ninyi. Nilikasirika siku ile. Leo naona alikuwa ananisomea hesabu jinsi sheria ilivyoipanga. Anayelipia kazi si anayelipia mafuta, basi kazi haifanyiki, mwaka wa kumi sasa, na jengo lile bado lina familia zile zile tatu, majina tu yamebadilika.

Mpeni mwenye nyumba naye nafuu akiziba jengo lenye wapangaji, na mmfunge kwa sharti: asipandishe kodi ya pango kwa sababu ya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, na bili za baada zionyeshwe. Miji yetu miwili imejaa majengo haya. Ukiliziba moja umeziba nyumba tatu, nne, kwa lori moja na wiki moja.

Mengine nitayapitia haraka. Msiweke madirisha sawa na kuta. Dirisha jipya linapendeza na muuzaji wake ana sauti kubwa, lakini kwa dola ile ile dari inaokoa zaidi. Mwaka 2023 waliodai madirisha walikuwa karibu sawa na waliodai insulesheni, na mimi naona hesabu hiyo imekaa vibaya. Pampu za joto pia, nazipenda, ila pampu kwenye nyumba isiyozibwa ni bili ya umeme tu. Iwe ziba kwanza, halafu pampu. Na kuna nyumba ambazo hatuwezi kuzigusa kwa sababu zina nyaya za zamani, zile zinazopita kwenye vikombe vidogo vya kauri. Huwezi kuzifukia kwa selulosi, ni hatari ya moto. Kubadilisha nyaya hizo mara nyingi kunazidi gharama ya insulesheni yenyewe, kwa hiyo fundi anafunga mlango anaondoka, na nyumba inabaki kwenye orodha ya kusubiri. Nafuu isiyolipia nyaya haitazifikia nyumba zilizo mbaya kuliko zote. Nyumba ya bibi ni mojawapo.

Gavana Mills, na wabunge wa Augusta: kwenu sina mengi ya kuomba, kwa sababu mmeshaonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2019 mliweka lengo la pampu za joto 100,000 kufikia 2025, na Julai 2023 mkawa mmelipita. Efficiency Maine ilipoanza mpango wa pampu za nyumba nzima mwaka huo wa 2023, mwenye kipato cha chini alipewa hadi dola 8,000, wa kati 6,000, na wengine wote 4,000. Mliweka ngazi, na aliye chini ndiye aliyeshikwa mkono kwanza. Hiyo ndiyo picha ninayotaka Washington waitazame. Ninachowaomba ni kuulinda mpango huo sasa ambapo fedha za serikali kuu zimejitoa pembeni yake. Na mnapotuma mtu kuueleza kwenye mitaa yetu, mtumeni anayeongea Kiswahili, Kifaransa, Kireno, Kisomali. Karatasi peke yake haitoshi. Yule mzee wa msikitini hakuhitaji karatasi, alihitaji mtu wa kumjibu kuhusu riba.

Seneta Collins, wewe ni mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi ya Seneti. Mpango wa serikali wa kuziba nyumba za wenye kipato cha chini umekuwepo tangu 1976, na ule wa kusaidia bili za joto, LIHEAP, tangu 1981. Serikali ilipofungwa siku 43 kuanzia Oktoba 1, 2025, fedha za LIHEAP zilichelewa wakati baridi imeshaingia, na nilishuhudia vidumu vikiongezeka sheli. Mpaka nafuu ya kodi itakaporekebishwa na kurudi, mifuko hiyo miwili ndiyo inayoweza zaidi kumfikia bibi. Isipunguzwe. Na ule wa kuziba uongezwe, kwa sababu ule wa bili unanunua mafuta yanayokwisha Machi, na mwakani yananunuliwa tena.

Neno moja kwa majirani zangu kabla sijafunga. Kama uliziba nyumba, uliweka pampu au ulibadilisha mlango na kazi ikakamilika kabla mwaka 2025 haujaisha, una haki ya kudai unapojaza kodi ya mwaka 2025, ambayo mwisho wa kuijaza ni Aprili 15, 2026. Fomu ni ya namba 5695. Tafuta risiti zako. Usimwachie anayekujazia kodi akumbuke mwenyewe, mwambie. Ukikwama njoo kwangu Jumamosi jioni, nitakaa na wewe.

Na kwenu waheshimiwa, nina mwaliko. Lori letu linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, siku za kazi. Mmoja wenu akija, nitampa barakoa, glavu na taa ya kichwani, tupande naye dari moja. Nimeshazungumza na bibi. Amesema mkija na kwake mnakaribishwa, atatengeneza kahawa, ila mtakaa jikoni, kwa sababu vyumba vingine bado amevifunga. Kijiti cha udi nitakuja nacho mimi.

Wenu kwa heshima,
fundi wa insulesheni na baba wa watoto wanne,
Lewiston, Maine, Februari 2026